Yule mwanamuke wa kwenye kaseti yetu

Amisi, rafiki yangu,

Huko uliko, kama wako na muziki, usiwaimbie. Watakufukuza, na utaenda wapi tena?

Nachekesha, lakini niko na haya. Na masomo yangu uliyajua, basi usihesabu makosa. Sikiliza.

Siku tatu kisha kukuzika, mutoto wako Zaina alifungua sanduku lako, akakuta kaseti yetu. Ile albamu ya kwanza, na ya mwisho pia, maana Kabambare yote iliikataa. Unakumbuka? Tuliifikisha kule na baiskeli, wakatuuliza: «Hii ni muziki ao kuko mutu anachinjwa?»

Radio ya kuipiga haiko tena. Lakini foto ya juu yake ingali inaonekana vizuri: wewe na gitare ya nyuzi za breki, kifua wazi, suruali yote makaratasi ya kung'aa ya pakiti za sigara. Kando yako mimi, mupiga madebe, nimejifunga kikwembe cha mama yangu, midomo nyekundu, viatu vya visigino ulivyonichongea mu mti, mukono wangu kwenye shingo yako.

Zaina akaileta mbele ya watu wa matanga. «Papa Musafiri, huyu mwanamuke ni nani?»

Amisi, wazee wa muskiti walikuwa wameketi pale. Mimi sasa ni mutu wa kofia nyeupe, wananiita kuamua kesi za ndoa. Ungeniona! Nikabana midomo, mwanya wangu usionekane, maana kwenye foto nao uko. Kisha nikasema, kwa muzaha: «Eh, huyo! Wa zamani, wa Nyangwe. Baba yako alimupenda sana.»

Wazee wakacheka. Mama Zaina hakucheka.

Ulimuoa kisha ya mambo ile ya kaseti, tukaapa tusimuambie, kwa sababu ya baba yake mukali. Basi nikajificha nyuma ya kiapo. Toka siku ile ya matanga bibi yako ameondoa foto zako zote kwenye ukuta. Kaburini hataki kufika. Juma iliyopita nilimupelekea mboga ya sombe, akaniuliza polepole, bila kuniangalia: «Alikuwa muzuri kunipita?»

Muzuri! Mimi! Zamani tungecheka mpaka tuanguke. Lakini mimi, na huu mudomo wangu wote, nikaweka sombe chini. Nikatoka bila kuaga. Miaka arobaini umenitunzia siri, na mimi siku tatu tu nikakuchafua, ili kofia yangu ibakie nyeupe.

Kesho ni arobaini yako. Leo nimeenda sokoni. Mama wa butiki akauliza kama rangi ya midomo ni ya bibi yangu. Nikafungua kinywa, mwanya na yote: «Ni yangu.» Wakacheka soko nzima. Wacheke.

Nakuahidi: kesho, mbele ya wazee, nitapaka. Nitavaa kikwembe. Nitasimama kando ya ile foto, meno yote nje, mpaka Mama Zaina anitambue. Wakitaka kofia yao, waichukue. Visigino tu siahidi, magoti yamekataa.

Kwa heri, ndugu yangu. Ulale. Na ukinisikia huko kesho, piga gitare.

Ni mimi, mwanamuke wako wa Nyangwe,

Musafiri