Maji ya Bwawani kwenye Dumu Langu

Mume wangu mtoro,

Hujambo? Nakuuliza kwa sababu adabu inanilazimisha, si kwa sababu unastahili. Mvua zimekuja zimepita, paa limevuja limezibwa, mguu wangu umevimba umenywea, na wewe hata pua hujaitia mlangoni. Mke gani anaachwa hivi bila hata talaka? Mimi ni mzima. Magoti yananung'unika lakini mdomo haujambo, kama utakavyoona. Mama yako mzima, dada yako na mwanawe wanaendelea.

Anayeniandikia ni fundi cherehani wa mlango wa pili, maana mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinikunjie pindo. Tayari alitaka kuandika kwamba nimesikitika. Nimemfutisha. Nimekasirika.

Mara ya mwisho ulikaa jikoni kwangu ukaazima dumu langu la manjano, lile ambalo kifuniko chake kimefungwa kamba. Nikakuuliza, maabara nzima imekosa vyombo? Ukacheka, ukanieleza kazi yako hata mimi nikaelewa. Ulisema kiwanda cha sabuni kimetengeneza dawa mpya ya povu, na kabla hakijaruhusiwa kumwaga maji yake kijitoni kwetu, lazima ijulikane kama dawa hiyo inaoza upesi. Ukasema kijitoni mna wadudu wasioonekana kwa macho, ndio wafagiaji wake. Mnawafungia chupani pamoja na dawa, mnapima hewa wanayovuta. Wakiila dawa, hewa inakwisha. Wakiisusia, hewa inabaki, na dawa nayo itabaki majini mpaka kwa vitukuu. Ukasisitiza kwamba wadudu hao wasiwe wamewahi kuionja, la sivyo ni sawa na kuwauliza walevi kama pombe ni tamu. Nilicheka nikajishika mbavu. Nikajisemea moyoni, huyu ndiye niliyembeba mgongoni.

Kisha karatasi yako ya majibu ikatoka, ikisema dawa inaoza upesi, na bomba la kiwanda likafunguliwa. Povu likasimama penye mawe ya kufulia, likapanda hadi magotini, likawa linapeperuka mpaka kwenye kamba za nguo. Mikono ya dada yako ikachubuka. Wale vyura niliokuwa nikiwatukana kila jioni wakanyamaza. Siku moja nilijikuta nimesimama ukingoni nawaita. Wanawake wakataka kwenda ofisi ya maji. Nani aliwazuia? Mimi. Nilisimama na beseni langu nikawaambia karatasi ile ina sahihi ya mjukuu wangu, na mimi sijalea mwongo. Wakaniamini. Wakarudi kufua.

Ndipo dumu likarudi, bila wewe. Alilileta dereva wenu. Nikafungua kifuniko, nikanusa, ikanipiga harufu ya povu lile lile. Nikamkalisha, nikampa chai, nikamuuliza ulikwenda kuchota wapi. Alijikuna kichwa, akasema hayamhusu. Nikamwongeza chai. Akasema chupa za kwanza, zenye maji ya kijito chetu, zililala tu. Wadudu waliisusia dawa. Mkubwa wenu akafoka kwamba kiwanda hakiwezi kusubiri. Basi wewe ukamwambia dereva akate kona kwenda bwawa la maji machafu nyuma ya kiwanda, ambako wadudu wamezaliwa na kukulia ndani ya dawa hiyo tangu kiwanda kilipoanza kuijaribu. Ukachota. Chupa za pili zikala kama wageni wa harusi. Ukaandika kwamba maji ni ya kijitoni.

Kwa dumu langu! Walevi wako mwenyewe uliwabeba kwa dumu langu, nami nikaapa kwa ajili yako mbele ya wanawake wenzangu waliochubuka mikono. Usiniambie habari za mkubwa wako. Mkubwa wako hakunyonya kwa binti yangu. Ungeniambia chupa zimelala nawe umefukuzwa, ningekupikia, nikakuita mjinga, tukamaliza.

Sasa lisikie hili kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine. Aliyekwenda ofisi ya maji ni mimi. Niliwaeleza habari ya bwawa mwanzo hadi mwisho. Nikawapandisha kijito mpaka juu ya bomba, ambako wadudu hawajaionja dawa, pale ulipojifunzia kuogelea, wakajaza vyombo vyao wenyewe. Chupa zao zimeshafungwa. Dereva usimguse, hakufungua mdomo mbele yao. Aliyekuchongea ni mkeo. Hapa fundi ameacha kuandika ananitazama. Nimemwambia aendelee, cherehani yake haitakimbia.

Wamesema jibu litachukua wiki kadhaa. Nami sikuondoka hivi hivi. Nilisimama mbele ya meza yao, kiti hawakunikaribisha, nikawauliza itakuwaje mtu akija mwenyewe kusema kabla chupa hazijasema. Wakatazamana. Mwanamke mmoja wao mwenye miwani akasema mtu huyo atasikilizwa. Hakusema atasamehewa, nami sikuongopei kama ulivyoniongopea. Kazi unaweza kuipoteza. Ukiipoteza, kitanda chako kiko palepale na sufuria yangu haijatoboka. Wanawake nimeshawaambia kwamba nimelea mwongo. Kilichobaki ni kujua kama nimelea na mwoga.

Mama yako anakusalimu. Sijamwambia, mzigo huo ni wako. Fundi anakusalimu pia, anasema suruali uliyoacha ipunguzwe imekaa mpaka ina vumbi. Nami nakusalimu kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nimeuweka tayari kwa kofi, na baada ya kofi ni wa kukukumbatia, kwa hiyo usiukimbie.

Ukija, usije na gari la kazini. Njoo kwa miguu, upitie kijitoni, uvue viatu, uvuke povu lako. Dumu liko mlangoni, nimelisuuza mpaka harufu imetoka. Lijaze juu ya bomba, ulibebe mwenyewe, tuongozane hadi ofisi ya maji. Kifuniko nitakishika mimi.

Mkeo wa kwanza,
Bibi