Maharage Yatangulie, Salamu Apewe Dreva

Mpendwa shangazi,

Tangu ututoke, barua za wakulima wa kilima chetu hazikuwa na mwenyewe. Sasa nimemaliza shule, na Papa ameniachia mimi. Unanijua: hata kuitika mbele ya wageni ni kazi. Ndiyo maana siku hizi nakuwaza sana.

Nakuona umekaa jikoni, ubao juu ya magoti, wazee wamekuzunguka. Kila mmoja alitaka salamu zake ziingie kwenye barua ya mfanyabiashara wa Goma: za mke, za kanisa, za mbuzi aliyezaa mapacha. Uliwasikiliza wote bila kumkata mtu maneno. Kisha ukaandika mistari mitatu.

"Na salamu yangu iko wapi?" Papa aliuliza.

"Nitamupa dreva, kaka. Ataisema kwa mudomo. Karatasi inabeba maharage."

"Muntu wa Goma atasema hatuna heshima!"

"Atasema tuko na maharage. Njo ile anatafuta."

Mama alicheka hadi akasahau mboga yake ya sombe motoni.

Ulipoondoka, Papa aliandikisha barua kwa jirani. Ukurasa mzima ulijaa salamu, na lori likaombwa kwa maneno mawili pale chini, pembeni. Mfanyabiashara alijibu kwa upendo mkubwa. Alitusalimu sote, hata mbuzi. Lori hakulitaja.

Wakati huo maharage yetu yalikuwa yameshushwa Kashebere, kando ya barabara, chini ya paa linalovuja. Mvua ikaanza. Yangeota ndani ya magunia, na mavuno yote ya kilima yangepotea.

Nilidhani ufupi ungekuwa rahisi kwangu, mimi mwenye maneno machache. Sivyo. Ilibidi kwanza niwasikilize wazee wote, kama wewe, ndipo nijue lipi la kuandika. Nikaandika: "Maharage yako tayari Kashebere. Mvua imeanza, paa linavuja. Tunaomba lori kabla ya Jumamosi."

Papa aligeuza karatasi, akatazama nyuma. "Hii njo barua, ao umechoka?"

Nilikaribia kuichukua karatasi niongeze salamu, shangazi. Lakini nilisema: "Njo yote, Papa. Salamu utamupa dreva wewe mwenyewe."

Aliikunja barua. Kisha alishuka nami hadi barabarani, akashika mlango wa lori la kwanza lililokuwa likienda Goma, akampa dreva barua, akamweleza habari za ukoo mzima mpaka yule akawasha moteri katikati ya jina la bibi.

Ijumaa lori letu lilifika. Maharage yalipakiwa yakiwa makavu.

Papa hakunisifu. Jioni alileta kiti chako, akakiweka karibu na taa. "Kaa, mutoto wangu. Mama wa kule chini naye iko na barua."

Nimekaa, shangazi. Lala kwa amani. Huyu mama ana mengi ya kusema, nami nataka kuyasikia yote.

Mimi, binti wa kaka yako