Jioni Niliyozima Korido Nzima

Ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho kushoto.
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa tisa.

Mpendwa binamu yangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu zikufikie wewe na wote waliomo nyumbani. Hujambo? Shangazi hajambo, na lile goti lake linamruhusu kupanda ngazi sasa? Shemeji je? Watoto wameanza kurefuka, au wameamua kukufuata wewe? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na nguo zangu ni safi kuliko za mtu yeyote katika ukoo wetu, maana kazi yangu ni kufua.

Najua ungependa nipige simu. Lakini kwenye simu ukiniuliza habari, nasema "nzuri" kabla sijafikiri, nawe unaridhika, tunaagana. Karatasi hainikimbizi.

Barua yako niliipata. Nimeisoma na kuirudia, hasa pale unaposema msaidizi wako wa kutengeneza redio amekwenda kufungua karakana yake, meza ya dirishani hapo kwako iko wazi, na hutaki kumpa mtu baki kabla mimi sijasema ndiyo au hapana. Umesema pia nisilikalie jambo hili kama kuku anayeatamia mayai viza. Nimesikia. Huku nako mwisho wa mwezi natakiwa kutia sahihi mkataba mwingine wa udobi, wa miaka miwili. Jibu lako limo humu humu, ila niache nizunguke kidogo, unanijua.

Kiwanda chetu cha udobi ni kikubwa. Tunafua shuka za hospitali na za hoteli, mashine zinanguruma kutwa, na kila mtu ana pamba masikioni. Tunaongea kwa vidole: kimoja ni shuka, viwili ni foronya, ngumi ni mashine imekwama. Ninayekunja naye shuka ni mama mmoja mpole. Tangu nilipoanza kazi, yeye anashika ncha zake, mimi nashika zangu, tunakutana katikati uso kwa uso, tunarudi nyuma. Sauti yake ikoje, sijui. Huyu ni mimi, mliyeniita Redio Mbao kwa sababu sikujua kunyamaza. Ungeniona sasa ungedhani betri zimekwisha.

Nikitoka huko narudi chumbani, na chumbani hakuna hata wa kunyooshea kidole. Ndiyo maana nilianza kuunda kinanda.

Usicheke. Ni sinthesaiza, kile kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme mtupu. Unazungusha kitufe, sauti inanenepa au inakonda. Mwili wake ni droo ya kabati lililotupwa. Vibonyezo niliving'oa kwenye piano ya kuchezea watoto niliyoikuta jalalani. Vibao vya ndani nimevilehemu mwenyewe, na vidole vyangu vina alama za kuthibitisha. Kikabaki kitu kimoja, na wewe fundi umeshakijua: pawa, sehemu ya kukilisha umeme. Kinanda cha namna hii bila pawa ni droo tu.

Umeme wa ukutani ni mkali, wewe ndiye uliyenifundisha. Lazima upite kwenye transfoma upungue, dayodi ziunyooshe, kapasita ziutulize. Tena kinanda changu kina maringo: kinataka umeme wa pande mbili, chanya na hasi, na sifuri katikati. Nilipomwambia muuza vipuri kwamba nimepata chanya lakini hasi inanisumbua, akaniuliza nina dume gani la kuhasi. Huyo ndiye mtu wa kwanza kunitania tangu nihamie huku, na kwa furaha nilinunua dayodi nyingi kuliko haja.

Ni yeye pia aliyeniuzia transfoma, kuukuu, imetoka kwenye amplifaya iliyokufa, maandishi yake yamefutika. Upande wa kuingizia umeme ina koili mbili, na unajua koili mbili lazima ziungwe zielekee upande mmoja. Mimi nikaziunga kinyume. Kila moja ikafuta kazi ya mwenzake, transfoma ikawa si transfoma tena bali waya mtupu, na umeme ukapata njia ya kukimbia. Unauliza fyuzi yangu ilikuwa wapi? Ilikuwa mezani. Nilisema nitaiweka mwisho. Hapo nakusikia ukiguna. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu lilipona, likavunjika la korido.

Nilichomeka plagi, pakalia "tap", giza. Na si kwangu tu. Jengo letu ni la zamani, ghorofa nzima inategemea fyuzi moja iliyoko chini. Nikasikia milango inafunguka. Binamu, naishi hapa karibu miaka miwili, na milango yote ya korido hii sikuwahi kuiona imefunguka kwa pamoja.

"Kwako umezima?"

"Umezima. Kwako?"

Nikatoka, nikakiri kosa ni langu, nilikuwa naunda kitu.

"Unaunda nini, bomu?" Huyo alikuwa kinyozi wa chumba cha kwanza.

"Kinanda."

"Kinanda kinazima ghorofa nzima? Sasa kikianza kulia si tutahama?"

Watu wakacheka. Muuguzi wa mlango unaotazamana na wangu akaleta mshumaa, akaubandika kwenye ngazi, tukakaa hapo kumngoja mtunza jengo alete fyuzi. Kinyozi akasimulia mteja aliyelala kitini akanyolewa nusu, akaamka na kuondoka hivyo hivyo kwa haraka. Nami nikawapa ile habari ya Mzee Betri na redio uliyomtengenezea, iliyokuwa haisemi mpaka aishike antena, na jinsi alivyokaa jioni nzima kaikamata kama mkia wa mbuzi ili asikose taarifa. Muuguzi alicheka hadi akafuta machozi. Walicheka kwa maneno yangu, binamu. Nilikuwa nimesahau raha yake.

Mtunza jengo akaja, akanung'unika, akaweka fyuzi. Taa zikawaka. Wote tukawa tunapepesa macho kama watu waliofumaniwa. "Haya, usiku mwema," na milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyenikosea. Nilibaki mimi na mshumaa, nikaupuliza, nikaingia ndani.

Koili nilizigeuza, na fyuzi nikaweka, usiwe na wasiwasi. Kukabaki mvumo mzito kwenye spika, kama nyuki ndani ya debe. Nikakumbuka ulivyonikemea zamani kwamba nyaya za sifuri haziungwi ovyo popote, zote zikutane mahali pamoja. Nikazikusanya, mvumo ukakoma. Mita inasoma volti kumi na mbili upande wa juu, kumi na mbili upande wa chini, na sindano haitikisiki. Ungeiona pawa hii ungeichungulia kwa muda mrefu ukitafuta kosa, na usingelipata, na ungekasirika.

Nikabonyeza, sauti ikatoka, nene na safi. Wimbo wa kwanza niliopiga si wimbo, ni ule mluzi wako wa kuniitia dirishani ukitaka twende tukatafute redio mbovu za kufungua. Niliupiga, nikaacha, nikajikuta nasikiliza. Nilikuwa nangoja nini, sijui. Nilikaa na kinanda kizima, kimekamilika, na nikawa mpweke kuliko siku zote nilizokuwa sina kinanda. Kabla ya hapo kulikuwa na pawa ya kumalizia. Sasa hata hiyo haikuwapo.

Nitakuambia jambo na usimwambie shangazi. Nilizitazama zile koili nikawaza: nikizirudisha kinyume na kuitoa fyuzi yangu, milango itafunguka tena. Bisibisi nilikuwa nayo mkononi. Nikaona aibu. Fundi haharibu kazi nzuri kwa makusudi, tena ni wazimu kumzimia mtu taa ili akuulize habari. Nikaiweka chini, nikaamua kufanya kama wafanyavyo watu wenye akili, yaani kumtembelea jirani.

Jana jioni nikavaa shati safi, nikavuka korido, nikambishia hodi yule muuguzi.

"Nani?"

"Mimi."

Binamu, hilo ndilo jibu ninalolijua. Pale kwenu nikigonga, shangazi anauliza nani, nasema mimi, anasema karibu, naye hajainua hata uso kwenye anachokifanya. Sikuwahi kuambiwa kwamba jibu hilo halitoshi.

"Mimi nani?"

"Wa chumba cha mwisho. Wa kinanda."

"Ah. Umeme umezima tena?"

"Hapana, upo."

Nilisikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Nadhani alikuwa ametoka zamu, anakanda miguu.

"Sasa?" akauliza.

Sikuwa na shida ya mshumaa, wala kiberiti, wala dawa. Nilikuwa sina shida yoyote ile ya kutajika. Nikasema, "Basi, nilikuwa napita tu." Napita kwenda wapi, na korido inaishia mlangoni kwangu? Akasema, "Haya, asante," kwa upole kabisa. Nikarudi ndani, nikaketi na shati langu safi, na nikalia, binamu, mtu mzima na ndevu zangu.

Simlaumu. Mtu aliyesimama kutwa akiwahudumia wagonjwa ana haki ya kuuliza "sasa". Wala huku si kubaya. Mshahara unakuja kwa wakati, paa halivuji, na ninyi nimewaambia muda wote kwamba nimefanikiwa. Hicho ndicho kilichokuwa kikinizuia kukujibu. Niliogopa mtasema amekwenda mbali na amerudi na droo. Haya, semeni. Droo yenyewe inaimba.

Meza ya dirishani usimpe mtu. Mkataba sitatia sahihi. Kesho nitamwambia msimamizi wa kiwanda, na nitamwambia kwa mdomo, atoe pamba masikioni anisikie.

Nisalimie shemeji, mwambie utani wote aliouweka akiba autoe vumbi. Nisalimie kifungua mimba wako na yule kitindamimba ambaye bado hajanijua. Mzee Betri mpe mkono wangu, umwambie habari zake zimefika mbali na zimependwa. Shangazi, mlezi wangu, mbusu mikono. Mungu awalinde nyote, awape afya na riziki, wagonjwa awaponye, na sisi tulio mbali atuonyeshe njia.

Siku ya kufika siijui bado, kwa hiyo asije mtu kunipokea. Nitapanda mwenyewe hadi mlangoni, na kinanda kwapani, nibishe hodi. Mkisikia, ulizeni nani.

Wako akupendaye na asiyechoka kukutania,

Mimi.