Nyumba Iliyotwanga Sombe

Mama Mukubwa,

Salamu zikufikie huko ulikotutangulia, na Mungu akupanulie nafasi. Mukeka wako umerudi Kasongo. Nimeukung'uta vumbi lililobaki la Salamabila, nimeuanika juani nyuma ya nyumba, na sasa nimeukalia nikikuandikia. Ninaandika Kiswahili. Kifaransa ni cha ekole, cha darasani, na wewe ulisema kinanifanya mudomo uwe mudogo kama wa samaki.

Kuna jambo ninalotaka kukuambia wewe tu, kwa sababu wengine wote wamelisikia nusu.

Arobaini yako ilipokwisha, vitenge vya duka lako viliuzwa na shehe akagawanya mirathi kati ya Mama na Mujomba, wadogo zako wawili. Wakakubaliana wasiile pesa ile kidogokidogo, ila waiunganishe tena, wanunue nyumba ndogo ya kupangisha, kama ulivyokuwa ukisema mwenyewe jioni ukikunja vitambaa: siku moja duka hili litakuwa nyumba. Kodi ya nyumba hiyo ndiyo ingemulisha Mama, maana miguu yake haimufikishi tena sokoni, na ndiyo ingelipa masomo yangu. Tangu ulipoondoka nimeshafukuzwa darasani. Prefe, mukubwa wa ekole, anasimama mulangoni, anasoma majina ya wasiolipa, nami natoka nikiangalia vidole vya miguu yangu. Unanijua.

Mujomba alitaka nyumba ya Salamabila. Mama alitaka vyumba viwili vya hapahapa Kasongo, nyuma ya musikiti, vya yule mujane anayehamia Kindu kwa watoto wake. Walibishana wiki nzima, Mama akichambua muchele, Mujomba akizunguka uwanja na simu mukononi. Alisema wachimbaji wa dhahabu wanalipa kabla mwezi haujaanza, na hawaulizi bei.

"Hapa utapangishia nani?" akamuuliza Mama. "Walimu? Watakulipa chaki."

Mama alicheka mupaka ungo ukamutoka mapajani. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pembeni na daftari langu la commerce, somo la biashara, na kwa hesabu ya faida tuliyofundishwa, ya rentabilité, Mujomba alikuwa na haki. Chumba kimoja cha Salamabila kingeleta zaidi ya vyumba vyote viwili vya Kasongo. Hakuna aliyeniuliza.

Mwisho Mama akaweka sharti moja. Pesa haitoki mufukoni mupaka mukeka wa Dada utandikwe ndani ya nyumba yenyewe, muchana, na mutoto wake alale juu yake.

Mutoto wako ni mimi, hata kama hukunizaa.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya? Nilikuwa mudogo, nilikuwa bado nang'oa meno. Ulikuwa ukitafuta chumba cha kununua karibu na misheni. Baada ya sala ya adhuhuri, wakati watu wote wako kivulini na mabati yanalia kwa joto, ulimuomba mwenye nyumba ruhusa, ukatandika mukeka kwenye sakafu tupu, ukanilaza, ukakaa mulangoni na upepeo wako. Ulisema usiku kila nyumba ni nzuri, na mwenye nyumba anakuonyesha asubuhi kwa sababu asubuhi hata bibi harusi mubaya anapendeza. Nikalala. Nikaota nimevaa shanga nyingi shingoni na shanga zinaimba. Nilipoamka uliniuliza ndoto yangu, ukaisikiliza yote kwa heshima, kama vile ninakusomea barua iliyotoka mbali. Halafu ukasema:

"Vizuri. Sasa tutafute nani ameileta."

Ukainua macho darini, ukasimama juu ya ndoo, na nyuki walikuwa pale, nyumba nzima ya nyuki kati ya miti ya paa. Mwenye nyumba akajifanya kushangaa. Ukamwambia, baba, usishangae peke yako, njoo tushangae pamoja. Nilicheka njia yote ya kurudi.

Ndoto zote za nyumba zilikuwa hivyo kwako. Nikiota moshi, ulitafuta jirani anayepika pombe. Nikiota wazee wanagombana, ulikaa mupaka usikie ukuta wa upande wa pili. Watu wa mutaa walisema wewe unasoma ndoto, nawe hukuwakatalia, lakini mimi nilijua: ulikuwa unasoma nyumba.

Basi tukaondoka kwa moto, pikipiki ya kukodi, dereva mbele, Mujomba katikati, mimi nyuma, na mukeka umefungwa mugongoni kwangu kama mutu wa nne. Barabara iko vilevile. Kuna mahali tunashuka, tunasukuma, tunapanda tena. Sikusema neno mupaka Kabambare, Mujomba akageuka kuhakikisha kama sijaanguka.

Huko Mujomba ana rafiki mwenye nyumba ya kuuza, si mbali na biro ya teritware, ofisi ya serikali ya wilaya. Nyumba yenye heshima, miti ya mapapai mbele. Mujomba akasema tujaribu, haigharimu kitu kulala. Nikalala. Nikaota ninavuka Lualaba kwa miguu, maji yananifika kwenye kifundo tu, na samaki wananiita jina langu. Ilikuwa ndoto nzuri sana, ningependa kubaki. Nikaamka: mvua inanyesha, na kona ya paa inanimwagia maji miguuni. Mujomba akaangalia maji, akaangalia miguu yangu, akasema nyumba hii imejikataa yenyewe. Kesho yake tukaendelea na safari.

Salamabila hukuwahi kuiona. Ni muji ambao haukai chini. Mashine zinasaga mawe, muziki unatoka kila mulango, moto zinapita na magunia, na mutu anauza sabuni kwa bei inayokufanya utamani kubaki muchafu. Nilishika shati la Mujomba kama mutoto.

Mwenye nyumba anaitwa Papa Selemani. Muzee musafi, kofia imefumwa vizuri, sauti ya taratibu. Nyumba ina vyumba vitatu mustari mumoja, mabati mapya, sakafu ya simenti. Wapangaji wake, alisema, wamehamia kwenye mashimo mengine, lakini wengine watakuja hata kesho. Mujomba alikuwa anapiga kuta kwa kiganja na kutabasamu. Nilimuona akihesabu kwa midomo. Nikaomba chumba cha katikati, kwa sababu wewe ulisema cha pembeni kinapata upepo na kinadanganya.

Mama Mukubwa, mule ndani mulikuwa baridi. Nje jua linapasua kichwa, lakini chini ya mukeka sakafu ilikuwa kama ubavu wa mutungi. Nikalaza shavu. Usingizi ukanichukua kama mutu anayenijua.

Nikakuota.

Tangu tulipokuzika nilikuwa nikikuomba kila siku, na hukuja. Siku ile ulikuja. Ulikuwa uwanjani kwetu, umenipa mugongo, umejifunga kitenge chako cha majani ya kijani, kile ulichokataa kukiuza. Unatwanga sombe, majani yetu ya muhogo. Tu, tu, tu. Harufu ya majani mabichi ilikuwa kila mahali. Nikataka kukuita lakini sauti yangu, hata ndotoni, ilikuwa na haya. Wewe bila kugeuka ukasema, "Lala, mama. Ningali natwanga." Na mimi nikafurahi kwamba ndani ya ndoto naruhusiwa kulala tena. Nikalala usingizi wa ndani ya usingizi. Sijui kama kuna mahali pengine pazuri kama pale.

Nilipofungua macho niliona mabati, kisha ukuta, kisha mulango wenye mwanga.

Tu, tu, tu.

Nitakuambia ukweli. Nilielewa mara moja. Sikio langu lilikuwa chini na sauti ilikuwa inatoka chini. Na nikafunga macho tena. Nilisema moyoni, dakika moja tu, usiulize nani ameileta. Nikabana shavu kwenye mukeka, na kila sauti ikigonga, nasema huyo ni yeye. Hata kile kitenge nilikuwa naanza kukiona tena.

Mujomba akaingia. Akachuchumaa karibu na kichwa changu.

"Umeota?"

Nikatikisa kichwa kuitikia.

"Umeota nini?"

"Mama Mukubwa."

Sikuwa nimewahi kumuona Mujomba akilia, hata siku ya mazishi alikuwa akishughulika na mbao na chakula cha watu. Alikaa chini palepale kwenye simenti. Akaniuliza ulikuwa umevaa nini. Nikamwambia kile cha kijani. Akauliza kama ulikuwa na hasira. Nikamwambia hapana, ulikuwa unatwanga sombe. Akacheka na machozi yakiwa usoni, akasema mimi hajanijia hata mara moja, mimi ndugu yake. Halafu akasimama, akajifuta kwa mukono wa shati, na akaenda nje. Nilimusikia akimuambia Papa Selemani kwamba mambo yamekwisha, marehemu mwenyewe amekubali. Nikasikia zipu ya mufuko.

Unajua mimi sisemi. Ekole mwalimu akiniuliza, jibu ninalo na ninabaki nalo. Nilisimama mulangoni na mukeka nimeukumbatia. Mujomba alikuwa tayari na bahasha mukononi, pesa ya vitenge vyako vyote, miaka yako yote ya kukaa juu ya kile kigoda cha dukani. Nilifikiri nikinyamaza, nyumba hii itakuwa yetu, na kila likizo nitakuja kulala chumba cha katikati, nawe utakuwa pale unatwanga. Ningekuwa na mahali pa kukukuta. Hilo ndilo sikulisema kwa mutu. Si kwamba niliogopa kusema tu. Nilitaka kukununua.

Nikasema, na sauti ikatoka kama ya mutu mwingine:

"Mujomba, angali anatwanga."

Hakunielewa. Alinitazama kwa huruma, kama mutu anayetazama mutoto aliyefiwa. Nikamushika mukono, jambo ambalo sijawahi kufanya, nikamuvuta ndani, nikatandika mukeka palepale na kumuonyesha. Akapiga magoti. Akaweka sikio, makalio juu, kama mutu anayetafuta sindano. Papa Selemani alikuja nyuma yetu akasimama.

Mujomba akahamisha sikio kidogo. Kisha akasema bila kuinua kichwa:

"Papa, hii ni nini?"

Papa Selemani akaangalia viatu vyake. "Hiyo iko mbali sana, chini huko."

"Mbali wapi? Nasikia mutu anakohoa."

Basi ndiyo ikawa hivyo. Wachimbaji walikuwa wamefuata mushipa wao wa dhahabu kutoka shimo la nyuma ya nyumba mupaka chini ya chumba cha katikati, na baridi ile niliyoilalia ilikuwa pumzi ya shimo. Wapangaji hawakuhamia popote kutafuta bahati. Walikuwa wamekimbia nyumba isiwameze. Papa Selemani hakubishana. Alisema na yeye aliinunua hivyohivyo, asubuhi. Mujomba alirudisha bahasha mufukoni polepole sana. Nilifikiri atapiga kelele. Alikunja mukeka wako mwenyewe, vizuri, ncha kwa ncha, akanipa.

Tulipopumzika Kabambare aliniuliza tu, akiwa amegeuka pembeni, kama wewe ulisema neno lolote. Nikamwambia ulisema nilale. Akaitikia kwa kichwa. Akasema, ndiyo, huyo ni yeye kabisa.

Kwa hiyo nusu hiyo ndiyo anayo. Aliamini kwamba wewe ulikuja kutuonya. Mama pia anasema hivyo, na majirani wanakuja kusikia. Mimi ninajua nani aliileta ndoto ile. Kijana fulani na nyundo yake, chini ya ardhi, anakohoa. Wakati mwingine ninamufikiria. Hajui kwamba alikuwa wewe kwa muda wa usingizi mumoja.

Vyumba vya mujane nilivilalia Ijumaa iliyofuata, baada ya sala. Joto kama ndani ya tanuri la mikate. Kuku wa jirani wanagombana, mwenye kuku anawatukana kwa majina ya watu. Nililala vizuri, jasho linanitoka. Mama alikuwa mulangoni na upepeo wako.

"Umeota nini?"

"Hakuna."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mama akaangalia paa, akaangalia kuta, akagonga sakafu kwa kisigino. "Basi," akasema. Tukanunua.

Mupangaji wa kwanza ni mwalimu wa hesabu na bibi yake. Mwezi uliopita alileta kodi pungufu na jogoo, na Mujomba akamupokea jogoo kwa mikono miwili, akatuambia muone, chaki iko njiani. Si utajiri. Paa la chumba cha pili tutalirekebisha kabla ya mvua kubwa. Lakini Mama anakula, na safari hii prefe aliposoma majina yake, nilibaki nimekaa. Niliangalia dirisha. Unaona? Ni jambo dogo kubaki umekaa, na mimi karibu nilie.

Chumba cha pili kilikuwa wazi kwa muda. Nilikuwa nikitoka ekole nakwenda na mukeka, nasema ninakwenda kufagia. Nililala pale na shavu chini, nikakungoja. Kuku tu. Kesho mushonaji mumoja anahamia na mashine yake, kwa hiyo leo ndiyo mwisho, na ndiyo maana ninakuandikia.

Sasa ninakuaga, Mama Mukubwa. Lala mahali ulipo, usijisumbue kuja kwa ajili yangu kwenye nyumba za watu. Ninakuahidi nitausoma muhula huu mupaka mwisho wake, na kila nyumba tutakayotaka kununua nitaitandikia mukeka muchana, na ndoto nzuri nitaitafutia aliyeileta, hata ikiniuma, na nitasema kwa sauti.

Ila siku nikikuota hapa nyumbani kwetu, unatwanga, umenipa mugongo, nisamehe. Siku hiyo sitaweka sikio chini. Nitalala tu.

Mutoto wako,
Sakina