Chumvi Isiyotaka Ukungu

Jumatatu, 8 Juni 1992
Baridi kali. Nimefundisha Kidato cha Tano, kisha maabara. Nimeipasha moto tena chumvi ya kemikali niliyopewa na mwalimu wangu wa chuo kikuu. Ajabu ileile: bado ngumu, haijayeyuka, lakini umeme unapita. Molekuli zinajizungusha palepale zilipo, na chembe zenye chaji zinapenya katikati yao. Tatizo ukungu. Chumvi hii hunyonya maji ya hewani, na yakiingia, vipimo vyote ni uongo. Nimemwambia Mzee Salimu, fundi wa maabara, asifungue dirisha hata moja.

Jumatano, 10 Juni
Jiko jipya la umeme, kutoka Mombo. Siku hizi maduka yamejaa kila kitu. Kitufe chake cha joto sikiamini. Leo limepitiliza joto nililoweka. Chumvi hii ikiungua hutoa mvuke wa sumu. Najua. Niliogopa. Nikaendelea.

Ijumaa, 12 Juni
Nimemuua. Labda.
Nilikwenda darasani, nikamwachia Mzee Salimu jiko. Niliporudi alikuwa sakafuni. Bomba la kioo lenye chumvi limepasuka, harufu kama samaki aliyeoza. Madirisha yote yamefungwa. Nilipombeba alisema neno moja tu, kwa sauti ya kukwaruza: "Mwalimu, ulisema nisifungue."
Yuko hospitali.

Jumamosi, 13 Juni
Anapumulia mashine. Mkuu wa shule kauliza ilikuwaje. Nikasema jiko bovu. Si uongo. Si kweli pia. Mke wa Mzee Salimu, Mama Zaina, kanishukuru kwa kumbeba mumewe. Kanishukuru! Naogopa akifa. Naogopa akipona akasema. Hili la pili ndilo linanitia aibu.

Jumatatu, 15 Juni
Nimemwambia mkuu. Kisha Mama Zaina, kwenye benchi nje ya wodi. Kwamba mimi ndiye niliyeamuru madirisha yafungwe, kwa ajili ya vipimo vyangu. Kwamba jiko nililijua kuwa bovu.
"Alikuwa anajisifu kwamba unamfundisha," akasema. "Sasa ondoka, mwalimu."
Nikaondoka.

Jumapili, 21 Juni
Mzee Salimu karudishwa nyumbani jana. Kifua bado kinatoa mluzi. Nimekwenda kwa miguu. Mama Zaina kaitikia shikamoo, kiti hakunipa. Kanishikisha upande mmoja wa mkeka, tukamtandikia mgonjwa uani, penye jua. Akalala. Mama Zaina akakaa anachambua maharage. Baadaye akausogeza ungo katikati yetu. Nikachuchumaa, nikachambua.