Makochi ya Mama Salim

Jumatatu, 3 Julai 2006

Uji, nepi, moto. Nepi tena. Baridi ya mtaa huu wa Satellite mwezi huu haina huruma, nguo za mtoto hazikauki hata nikizianika juu ya jiko. Nyambura anakohoa. Nimembeba mgongoni nikauza sukuma mlangoni mpaka saa sita, kisha mgongo ukakataa.

Sijaenda kichinjioni Dagoretti tangu tumzike Wambui. Mtoto wangu wa pekee, ameniachia mwanawe wa miezi minane. Baba hajulikani, kwa hiyo mtoto alipewa jina langu, kama ilivyo kwetu msichana akizalia nyumbani. Tuko Nyambura wawili katika chumba kimoja.

Kazi yangu ni matumbo. Nanunua kichinjioni alfajiri, naosha, nachemsha, nauza hapa steji ya matatu. Lakini kichinjioni hakuingii mtoto. Kuna damu, kuna maji baridi, watu wana visu, na askari wa langoni humfukuza yeyote aliyebeba mtoto. Simlaumu. Ila huyu nimwache wapi?

Jana kaka yangu Njoroge alikuja na mkewe. Hawakukaa hata kidogo. Amesema nina presha, sina kazi, na huyu mtoto ataniua. Amepata nafasi katika nyumba moja ya watoto yatima, kwa watu wanaojuana na kanisa lake. Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi. Nisipopata njia, wanamchukua. Na ana shamba na ng'ombe wa maziwa, huyo Njoroge. Hakuja hata na chupa moja. Nimekasirika.

Alhamisi, 6 Julai

Kuna tumaini. Chifu ametangaza kwamba serikali itawasaidia wanaolea yatima wadogo. Pesa kila mwezi, za maziwa na kliniki. Nikizipata nitaweza kumlipa msichana ashike mtoto asubuhi, nami nirudi kazini. Hilo tu. Siombi kulishwa.

Lakini kwanza nithibitishe kwamba mtoto wangu amekufa. Jana nilishinda mjini, kwenye korido za jengo moja la serikali, Nyambura mgongoni, nikitafuta cheti cha kifo cha Wambui. Dirisha la kwanza likanituma la tatu. La tatu, mwenyewe ameenda chai. Nikaketi sakafuni nikamnywesha mtoto uji, askari akaja kuniambia hapo si jikoni. Mwenye dirisha akarudi anatafuna. Cheti nilikipata jioni, na jina limeandikwa vibaya. Nikakichukua hivyohivyo.

Leo nimekipeleka kwa chifu. Karani akauliza baba ya mtoto yuko wapi. Nikamwambia akimjua anijulishe na mimi. Foleni nzima ilicheka. Karani hakucheka, aliandika.

Watakuja kukagua nyumba Jumanne.

Jumapili, 9 Julai

Kwetu mgeni haji akakuta nyumba tupu. Wakija watu wa mahari, ploti nzima ya wapangaji inaazimana. Huyu anatoa viti, yule sufuria, mwingine kitambaa cha meza. Wageni wanajua, na hawasemi, maana kwao walifanya vivyo hivyo. Wambui hakuletewa mahari. Hawa wa serikali ndio wageni wangu wa kwanza wa kuja na mafaili, na sitawakalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Nimemwambia Mama Salim, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mjane, mtu wa Mombasa, anakaanga bajia jioni na anamlea Salim, mtoto wa marehemu dadake. Salim ana miaka mitatu. Na yeye amejiandikisha kwa chifu. Shemeji yake mwenye duka Ngara ndiye aliyempa makochi mawili na zulia mumewe alipofariki. Mama Salim hakusita. "Chukua, dadangu," akasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akaniongezea vikombe vya maua, chupa ya chai na televisheni. Nikamwambia mimi sina stima. Akasema ikae tu, inapendeza.

Tumevibeba sisi wawili, tukicheka kila tulipokwama mlangoni. Nimefurahi. Ni muda sijafurahi.

Jumanne, 11 Julai

Wamekuja. Msichana wa suruali na mwanamume wa tai, wote wapole. Nilivaa nguo ya kanisa. Wakaketi kwenye makochi, wakanywa chai ya maziwa. Maziwa nilikopa dukani. Nyambura nilimvalisha mpaka kofia.

Wakauliza tunakula mara ngapi kwa siku. Sasa mtu aseme nini? Mbele ya wageni, na wamekunywa chai yake, aseme jana alilala na maji ya moto tumboni? Nikasema tunamshukuru Mungu, tunakula. Wakaandika. Wakauliza kama nina shida kubwa. Nikasema shida ni za kila mtu. Wakaandika na hilo. Msichana akaitazama televisheni kwa muda, akaandika tena.

Kutoka kwangu wakaingia kwa Mama Salim. Aliketi mkekani, chumba kitupu, hata kikombe cha kuwapa maji hana, vyote viko kwangu. Anasema alitamani ardhi ipasuke. Tumecheka sana tukirudisha vitu vyake.

Jumamosi, 15 Julai

Kifua cha mtoto kimebana. Zahanati. Bango ukutani linasema watoto walio chini ya miaka mitano wanatibiwa bure. Tulipiga foleni tangu kiza. Kuonwa ni bure kweli. Karatasi ya dawa ni bure. Dawa ndiyo hakuna. "Enda ununue hapo nje, mama," muuguzi akasema, macho yake kwa mtu aliye nyuma yangu.

Hapo nje hakuna bango. Nimeuza viatu vya kanisa. Dawa nimepata, na mtoto amelala vizuri mchana huu. Lakini nina hasira na lile bango. Nani alilipaka rangi vizuri vile? Huyo bila shaka alilipwa.

Alhamisi, 20 Julai

Baraza uwanjani. Majina yamesomwa kwa kipaza sauti. La Mama Salim limesomwa. Langu halikusomwa. Nikangoja, labda wataongeza. Wakafunga faili.

Nikaenda mbele nikauliza. Karani akalifungua tena na kusema bila kuondoa kipaza sauti mdomoni: "Huyu mama ako na sofa set, carpet, na TV. Na alisema wanakula poa. Hii pesa ni ya maskini, mama."

Watu wakageuka kuniangalia. Wengi wananijua. Wanajua mlango wangu, wanajua nilivyomzika Wambui kwa mchango wao. Hakuna aliyefungua mdomo. Mama Salim alikuwa hatua chache tu kutoka nilipo. Aliinamisha kichwa, akajifunga leso, akaondoka.

Nimeadhibiwa kwa kuwapokea watu vizuri. Wangesema wanataka kuona dhiki, ningewaonyesha. Ninayo ya kutosha. Hata walipokuwa wakinywa chai, ilikuwa chini ya kitanda.

Jumamosi, 22 Julai

Alijua. Mtu hatoi televisheni yake kwa jirani asiye na stima. Alihamishia mali yake kwangu akakaa mkekani kama fukara, nami nikamsaidia kubeba! Watu wa Pwani na maneno yao ya asali.

Ametuma Salim na sahani ya bajia. Nimerudisha sahani na bajia zake. Mtoto hakuelewa, alisimama mlangoni kidogo ndipo akaenda. Hilo limenichoma. Sikumwita.

Jumatatu, 24 Julai

Njoroge amepiga simu kwa mwenye ploti. Ujumbe: Jumapili, mtoto awe tayari.

Nimemfulia nguo zote. Nimezikunja. Sijui nilikuwa naharakisha nini.

Jumatano, 26 Julai

Baraza la malalamiko. Nilienda kwa hasira, si kwa tumaini.

Kabla sijaitwa, Mama Salim akasimama. Hana sauti kubwa, lakini uwanja ulimsikia. "Chifu, yale makochi ni yangu mimi. Zulia langu, tivii yangu. Huyu dada aliviazima kwa heshima yenu nyinyi, kwake hamna hata kigoda. Siku ile nilinyamaza kwa kuwa na mimi nina mtoto. Lakini sikuweza kumeza tonge tangu siku ile."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Yale yote niliyoyaandika juu yake. Nilitaka nimshike mkono na sikuthubutu.

Chifu akanong'onezana na karani. Kisha likaja jibu. Mama Salim amefutwa, kwa sababu ana makochi. Mimi siwezi kuingizwa, kwa sababu majina yameshaenda mjini.

Nikauliza: kama yameshaenda, la huyu mmelifuta vipi?

"Kufuta ni rahisi, mama," karani akasema. "Kuongeza ndio ngumu."

Watoto wawili wamenyimwa kwa kikao kimoja! Na chifu bado hakuwa amemaliza. Akatabasamu, akachukua kipaza sauti. "Lakini hawa wamama wako na bahati. Wanasaidiana. Serikali inatafuta wale hawana mtu."

Wakampigia makofi. Wallahi, kama ambavyo Mama Salim angesema. Makofi!

Alhamisi, 27 Julai

Bado naisikia ile sauti. Tuko na bahati. Kwa hiyo jirani mwema ni mali, inaandikwa kwenye faili kama zulia. Ukiwa na mtu wa kukuazima chumvi, nchi yako imeshamaliza kazi yake nawe.

Nilipaswa kumjibu. Nimepata la kumjibu leo, nikifua. Haina maana tena.

Jumapili, 30 Julai

Walikuja baada ya ibada, Njoroge na mkewe, na begi la kutilia nguo. Mama Salim alikuwa kwangu, Nyambura mapajani pake.

Tulikubaliana jana. Mimi ndiye niliyeenda kubisha kwake, na nilibisha muda mrefu kabla ya kupata la kusema. Asubuhi atakaa na watoto wote wawili, mimi niende Dagoretti. Jioni akiwa kwenye karai lake, watoto wako kwangu. Hakuna anayemlipa mwenzake. Tutachoka vibaya, hilo tunalijua.

Njoroge akauliza serikali imesemaje. Nikamwambia imesema nina bahati. Hakuelewa. Nikamweleza mpango wetu, akamtazama mkewe. Mkewe akauliza kama ni sawa mtoto wa Kikristo kulelewa na Mwislamu.

Mama Salim hakukasirika. Akamrekebisha mtoto kofia. "Ni nusu siku tu, wifi. Hiyo nusu nyingine njoo umlee wewe."

Njoroge akakagua kuta zangu, moja baada ya nyingine. Akasema basi, watatuombea. Begi likaondoka tupu. Nilipowasindikiza langoni nilimwambia kaka yangu kwamba mtoto hanywi maombi, anakunywa maziwa. Ni kaka yangu mkubwa, sijawahi kumsemesha hivyo. Sijutii.

Baadaye nimemwomba Mama Salim msamaha kwa niliyomfikiria. Akauliza ni yapi. Sikumwambia. Akasema basi atamwomba Mungu anisamehe hata hayo asiyoyajua, akaenda kumenya viazi.

Jumamosi, 5 Agosti

Wiki ya kwanza imepita. Vidole vimepasuka kwa maji ya kichinjioni. Wateja wamerudi, wengine walidhani nimekufa. Leo Njoroge ametuma lita mbili za maziwa. Nimepokea, nimegawa nusu kwa Salim.

Karani wa chifu alipita steji akaagiza matumbo. Nilimpa kipimo sawa na wengine. Nilifikiria kumpunguzia. Hasira haijaisha, na sitaki iishe.

Alhamisi, 24 Agosti

Matumbo yalikwisha mapema. Nikanawa kwa limau, nikaenda kumchukua mtoto.

Alikuwa amesimama akimshikilia Salim begani. Nikamwita. Akanitazama, akacheka, kisha akageuka, akamnyooshea Mama Salim mikono. Akasema, "Mama."

Limetoka safi kabisa. Neno lake la kwanza.

Mama Salim akasema haraka kwamba watoto wa umri huu humwita kila mtu hivyo. Nikasema ndiyo, najua. Sote wawili tulikuwa tunasema uongo. Akanipa mtoto bila kuniangalia usoni.

Niliumia. Naandika ilivyo. Wambui hakulisikia, na mimi nililisikia likienda kwa mwingine.

Nimemwogesha. Amekula vizuri, kifua hakina sauti. Amelala ameshika kidole changu, na kesho nitatoka kabla hajaamka.