Ndege Kumi na Saba za Phanuel

Khayega, Kakamega
Jumatano asubuhi

Mpendwa dada Awinja,

Pokea salamu tele kutoka kwa bibi arusi wa wiki tatu! Mimi ni mzima kabisa. Hujambo huko Mumias? Kikohozi cha mwanao Zipporah kimepungua?

Dada, ndoa ni tamu! Kila asubuhi namtazama Phanuel akinywa chai, siamini kwamba ni wangu. Hapa sokoni ni sifa tupu. Watu wa boda boda humpigia saluti na kumuuliza mbona shujaa aliyeangusha ndege kumi na saba bado anabebwa kwa pikipiki. Nani angedhani kijana aliyerusha droni pale Isecheno, akihesabu mbega msituni, angekuwa bingwa katika vita vya watu wa mbali, ameketi handakini mbele ya kioo cha kompyuta?

Lakini Jumapili, tukitoka kanisani, alinieleza habari za ile ya kumi na saba. Zile nyingine zilikuwa droni tupu. Hii ilikuwa na mtu. Mtu huyo aliruka na parachuti, na Phanuel akaamriwa amfuate kwa droni yake mpaka chini. Alimfuata. Alisema yule mtu alikuwa akipunga mikono yote miwili, akiomba. Tangu siku hiyo mume wangu hapiti uwanjani, hupita chini ya miti tu.

Nilimpigia magoti asirudi. Akasema likizo inaisha Ijumaa, na asiporudi, aliyemdhamini atasukumwa mstari wa mbele. Nikauliza ni nani. Akamtaja shemeji Wanzala, mume wako, ambaye sote tunajua kwamba kazi yake kule vitani ni kupika.

Dada, leo mama mkwe alipokwenda shambani, niliichoma pasipoti ya Phanuel jikoni, chini ya sufuria ya kusongea obusuma. Sitasema nilisahau. Nilimkumbuka Wanzala, nikawakumbuka na watoto wako, nikaendelea kuchochea moto. Sasa hivi Phanuel ananiita kutoka chumbani, ananiuliza kama nimeiona.

Kwa simu nisingeweza kuyasema haya, kwa hiyo Isaiah wa boda boda anakuletea barua mkononi leo hii. Wanzala akikupigia kesho kama kawaida yake, mwambie atoroke. Mwambie asingoje Ijumaa!

Wabusu watoto. Wakija kuuliza, waambie ukweli kuhusu mama yao mdogo.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hata sasa ana furaha, Mungu anisamehe,

Navalayo